Jinsi ya kulinganisha kadi za michoro kwa hesabu: mwongozo kamili

Chukua kadi mbili ambazo watu huzilinganisha kila siku: GeForce RTX 3060 ya GB 12, iliyotoka mwanzoni mwa 2021, na RTX 4060 ya GB 8, iliyotoka katikati ya 2023. Ukipiga hesabu ya nguvu ya kukokotoa, RTX 4060 iko mbele kwa asilimia 19. Ukipiga hesabu ya kasi ya kumbukumbu, RTX 4060 iko nyuma kwa asilimia 24. Kampuni ni moja, NVIDIA, daraja ni lile lile, na bado jedwali la sifa linasema mambo mawili yanayopingana.

Jedwali halijakosea. Kila namba iliyomo ni dari: kiwango ambacho kadi haiwezi kukipita hata mambo yote yakienda sawa. Kazi yako itagonga dari moja kabla ya nyingine, na hiyo itakayogongwa kwanza ndiyo itakayoamua kasi. Ndiyo maana swali la "kadi ipi ni kali" halijibiki mpaka useme unataka ikufanyie nini. Hapa nitakuonyesha namna ya kuzipata dari hizo kwa kikokotoo cha simu, namna ya kujua ni ipi itakayokubana, na mahali ambapo hesabu yenyewe hupotosha. Nitakwenda na kadi hizo mbili mwanzo hadi mwisho, na kuziita nyingine pale zinapofundisha jambo.

Hatua ya 1: Jua ni kadi gani hasa

Jina kwenye boksi halitoshi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni GT 1030. Ile ya 2017 ina kumbukumbu ya aina ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likatoka toleo lenye jina lile lile na viini (sehemu za chipu zinazopiga hesabu) 384 vile vile, ila kumbukumbu yake ni DDR4 inayopitisha GB 16.8 kwa sekunde, yaani kama theluthi moja tu. Mtu akikuambia "nina GT 1030" bado hujajua ana kadi gani.

Hata RTX 3060 yetu ina mdogo wake. Mwishoni mwa 2022 lilitoka toleo la GB 8. Viini havikupunguzwa, ni 3,584, lakini njia ya kumbukumbu ilikatwa kutoka biti 192 hadi 128, na mtiririko ukashuka kutoka GB 360 hadi 240 kwa sekunde. RTX 3050 nayo ipo ya GB 8 yenye viini 2,560, na ya GB 6 yenye viini 2,304. Kwa hiyo ukiona majina mawili yanafanana na kiasi cha kumbukumbu kinatofautiana, usidhani tofauti imeishia kwenye kumbukumbu.

Kompyuta mpakato ndizo zinazopotosha zaidi. RTX 4090 ya kompyuta ya mezani ina viini 16,384 na GB 24. RTX 4090 ya kompyuta mpakato ina viini 9,728 na GB 16, na chipu iliyomo ndani ni nyingine kabisa. Zichukulie kama kadi mbili tofauti zilizopewa jina moja.

Kama kadi iko mbele yako, fungua GPU-Z, programu inayoonyesha sifa za kadi, kwenye Windows, au andika nvidia-smi -q kwenye Linux ikiwa ni ya NVIDIA. Usiamini lebo ya nje wala stika, hasa kwa kadi iliyokwishatumika.

Hatua ya 2: Andika namba zinazohitajika tu

Ukurasa wa sifa unaweza kuwa na mistari 40. Kwa kulinganisha unahitaji michache:

| | RTX 3060 12 GB | RTX 4060 |
|---|---|---|
| Viini vya kukokotoa | 3,584 | 3,072 |
| Masafa ya juu yaliyotangazwa (mizunguko ya saa ya chipu kwa sekunde) | MHz 1,777 | MHz 2,460 |
| Kumbukumbu | GB 12, GDDR6 | GB 8, GDDR6 |
| Kasi ya kumbukumbu kwa pini (Gbps: gigabiti kwa sekunde) | Gbps 15 | Gbps 17 |
| Upana wa njia ya kumbukumbu | biti 192 | biti 128 |
| Kashe ya L2 (hifadhi ndogo ya haraka ndani ya chipu) | MB 3 | MB 24 |
| PCIe (kiungo kati ya kadi na ubao mama) | 4.0, njia 16 | 4.0, njia 8 |
| Umeme | wati 170 | wati 115 |

Angalizo moja kuhusu masafa, kwa sababu niliwahi kupoteza jioni nzima hapa. Watengenezaji huandika masafa zaidi ya moja: ya msingi, ya juu, na AMD, mshindani wa NVIDIA, huongeza masafa ya michezo, yaani yale ambayo kadi inategemewa kuyashika mchezo ukiendelea. RX 6600 yao ina MHz 2,044 ya michezo na MHz 2,491 ya juu. Ukitumia ya kwanza unapata TFLOPS 7.33 (kipimo cha nguvu ya kukokotoa, nitakieleza hatua ya 3), ukitumia ya pili unapata 8.93. Kadi ni ile ile, tofauti ni zaidi ya asilimia 20. Mimi nilikuwa nimechukua masafa ya msingi kwa kadi moja na ya juu kwa nyingine, kisha nikashangaa mbona matokeo hayaendani na majaribio ya mtu yeyote. Chagua aina moja ya masafa na uitumie kwa kadi zote.

Hatua ya 3: Hesabu nguvu ya kukokotoa

Kanuni ni fupi: viini × 2 × masafa. Ile mbili inatokana na amri inayozidisha na kujumlisha kwa mpigo mmoja, hivyo kila kiini huhesabiwa kuwa kimefanya kazi mbili kwa kila mzunguko wa saa. Weka masafa kwa GHz, ugawe kwa 1,000, upate TFLOPS, yaani trilioni za hesabu za desimali kwa sekunde.

RTX 3060: 3,584 × 2 × 1.777 = 12,737, yaani TFLOPS 12.74.

RTX 4060: 3,072 × 2 × 2.46 = 15,114, yaani TFLOPS 15.11.

Angalia kilichotokea. Kadi mpya ina viini pungufu, 512 chini ya ile ya zamani, na bado imeshinda kwa sababu ya masafa. Anayehesabu viini peke yake angeondoka na jibu lililopinduka. Tena kumbuka kwamba namba hii inadhani kila kiini kinapata kazi kila mzunguko na kila kazi ni ya kuzidisha na kujumlisha pamoja. Programu halisi haifanyi hivyo hata siku moja.

Hatua ya 4: Usivuke kizazi bila kusahihisha

Hapa ndipo wengi huumia. TFLOPS za kadi mbili za muundo mmoja zinalinganishika vizuri. Za miundo tofauti zinahitaji marekebisho, na marekebisho hayo wakati mwingine yanaweza kufanywa kwa hesabu.

Tazama RTX 2080 Ti ya 2018 na RTX 3070 ya 2020. Kwa kanuni ya juu, ya kwanza inapata TFLOPS 13.45 na ya pili 20.31, ziada ya asilimia 51. Kwenye michezo, kadi hizi mbili hukimbia karibu sawa. Asilimia 51 imeenda wapi?

Jibu limo ndani ya vitengo ambavyo viini vimepangwa humo. Katika muundo wa Turing, ule wa RTX 2080 Ti, kila kitengo kina viini 64 vya hesabu za desimali na vingine 64 vya hesabu za namba kamili vinavyofanya kazi sambamba navyo. Vile vya namba kamili havihesabiwi kwenye TFLOPS. Katika muundo wa Ampere, ule wa RTX 3070, vile 64 vya pili vikapewa uwezo wa kufanya desimali au namba kamili, kimojawapo kwa wakati mmoja. Hesabu ya viini ikaongezeka maradufu kwenye karatasi, lakini mchezo bado una kazi za namba kamili, na sasa zinakula nafasi ambayo TFLOPS zinadhani ni ya desimali.

Tupige hesabu. NVIDIA wenyewe walipoitambulisha Turing walieleza kwamba katika michezo, kwa kila amri 100 za desimali huja wastani wa amri 36 za namba kamili. Kitengo cha Turing kinamaliza zile 100 kwa mizunguko 100 ÷ 64, yaani 1.56, huku namba kamili zikienda pembeni. Kitengo cha Ampere kina amri 136 za kugawa kwa viini 128: mizunguko 1.06. Kwa hiyo kila kitengo cha Ampere ni haraka mara 1.47, wala si mara 2. RTX 3070 ina vitengo 46, na RTX 2080 Ti ina 68. Masafa ni MHz 1,725 dhidi ya 1,545. Zidisha: 46/68 × 1.47 × 1,725/1,545 = 1.11.

Ile asilimia 51 imebaki 11. Na RTX 3070 ina mtiririko wa kumbukumbu wa GB 448 kwa sekunde dhidi ya GB 616 za mwenzake. Hapo ndipo hizo 11 nazo zinapoyeyuka. Hesabu ya kalamu imetufikisha kwenye jibu lile lile la majaribio, na nikiri kwamba mara ya kwanza kuona namba hizi zikikutana nilifurahi sana.

Kwa AMD jambo hilo linaonekana kirahisi zaidi. RX 6650 XT na RX 7600 zote zina viini 2,048 na masafa yanayokaribiana, MHz 2,635 na 2,655. Lakini ya kwanza hutangazwa TFLOPS 10.8 na ya pili 21.7. Muundo wa RX 7600, uitwao RDNA 3, unaweza kutoa amri mbili kwa pamoja katika hali fulani, na namba ikazidishwa mara mbili kana kwamba hali hiyo ipo muda wote. Kasi ya michezo iliongezeka kidogo tu. Ukilinganisha kadi hizi, igawe ya RX 7600 kwa mbili kwanza.

Na mambo huweza kwenda kinyume. Vega 64 ya 2017 ina TFLOPS 12.66. RX 5700 XT ya 2019 ina 9.75, na katika michezo mingi ndiyo inayotangulia, kwa sababu muundo wake hauachi viini vikae bure kama wa zamani.

RTX 3060 na 4060 ni Ampere na Ada, ambazo vitengo vyake vinafanana kwa jambo hili, hivyo asilimia 19 yetu tunaweza kubaki nayo.

Hatua ya 5: Hesabu mtiririko wa kumbukumbu

Kasi kwa pini × upana wa njia ÷ 8. Nane ni kwa sababu baiti moja ni biti nane.

RTX 3060: 15 × 192 ÷ 8 = GB 360 kwa sekunde.

RTX 4060: 17 × 128 ÷ 8 = GB 272 kwa sekunde.

Ukisoma masafa ya kumbukumbu kwenye GPU-Z utakutana na namba ngeni. RTX 3060 itaandikwa MHz 1,875, na utajiuliza Gbps 15 iko wapi. Kwa GDDR6 zidisha kwa 8: 1,875 × 8 = 15,000. Kwa GDDR5 zidisha kwa 4. Kwa GDDR6X, kama ile ya RTX 3080, zidisha kwa 16. Namba za aina tofauti za kumbukumbu zisilinganishwe kabla ya kuzidisha, maana MHz ndogo inaweza kuwa ndiyo kasi kubwa.

Sasa kashe. Kadi mpya zimepunguziwa upana wa njia na kupewa kashe kubwa ndani ya chipu. RTX 4060 ina MB 24 za L2; RTX 3060 ina MB 3. Data inayopatikana ndani ya kashe haihitaji kwenda kwenye kumbukumbu, kwa hiyo GB 272 zile zinatosha kazi kubwa kuliko zinavyoonekana. Lakini kashe ina mwisho. Picha ya 1080p ina pikseli milioni 2.07, ya 4K ina milioni 8.29. Kadiri picha inavyokuwa kubwa, data hailali tena kwenye kashe na njia nyembamba inaanza kuonekana. Ukiona kadi yenye njia ya biti 128 inayosifiwa kwa 1080p, usihamishie sifa hiyo kwenye 4K. RX 6600 yenye GB 224 kwa sekunde na kashe ya MB 32 iko kwenye hali hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Tafuta dari itakayogongwa kwanza

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wengi hawaifanyi. Gawa nguvu ya kukokotoa, ikiwa kwa GFLOPS (TFLOPS × 1,000), kwa mtiririko wa kumbukumbu:

RTX 3060: 12,740 ÷ 360 = 35.

RTX 4060: 15,110 ÷ 272 = 56.

Maana yake ni hii: RTX 4060 inahitaji kufanya hesabu 56 kwa kila baiti inayoletwa kutoka kwenye kumbukumbu, la sivyo viini vitakaa vikisubiri. RTX 3060 inahitaji 35. Kazi yenye hesabu nyingi kwa kila baiti inabanwa na TFLOPS. Kazi yenye hesabu chache inabanwa na mtiririko, na TFLOPS hazina tena la kusema.

Chukua kazi mbili. Ya kwanza ni kujumlisha orodha mbili za namba milioni 100, kila namba baiti 4. Kwa kila jumla unasoma baiti 8 na kuandika 4, na umefanya hesabu moja tu. Data yote ni GB 1.2. RTX 3060 inahitaji angalau milisekunde 3.3, na RTX 4060 angalau 4.4. Kadi "dhaifu" imeshinda, na wala haijatumia hata asilimia moja ya nguvu yake ya kukokotoa. Kashe ya MB 24 haisaidii kitu mbele ya GB 1.2 ambayo kila baiti yake inasomwa mara moja na kuachwa.

Ya pili ni kuzidisha matriki (majedwali ya namba) mbili za 4,096 kwa 4,096. Hesabu ni 2 × 4,096 × 4,096 × 4,096, yaani bilioni 137. Data ni matriki tatu, jumla kama MB 201. Gawa, upate takriban hesabu 683 kwa kila baiti, mbali juu ya 35 na 56. Hapa RTX 3060 haiwezi kushuka chini ya milisekunde 10.8, na RTX 4060 chini ya 9.1. Mshindi amebadilika.

Kwa kazi za kawaida unaweza kukisia bila kuhesabu. Kuchora picha za 3D kwa programu ya Blender huegemea kwenye ukokotoaji. Kuchuja picha kubwa, kuiga mtiririko wa maji au hewa, na kuendesha modeli za lugha (akili mnemba zinazotunga maandishi) huegemea kwenye kumbukumbu. Michezo ni mchanganyiko: ndani ya fremu moja, yaani picha moja ya mchezo, kuna hatua zinazogonga dari ya kwanza na hatua zinazogonga ya pili.

Hatua ya 7: Je, data inaenea?

Ukubwa wa kumbukumbu hauongezi kasi. Kadi yenye GB 12 haikimbii zaidi ya yenye GB 8 ikiwa kazi inahitaji GB 6. Lakini siku kazi ikihitaji GB 9, mambo hugeuka ghafla, kwa sababu ziada inalazimika kwenda kwenye kumbukumbu ya kompyuta kupitia PCIe.

PCIe 4.0 yenye njia 16 hupitisha takriban GB 31.5 kwa sekunde kila upande. Njia 8 ni nusu yake. Na RTX 4060 yenye njia 8 ukiichomeka kwenye ubao mama wa PCIe 3.0 inabaki na GB 7.9 hivi. Linganisha na GB 272 za kumbukumbu yake: umeshuka mara 34. Ndipo mchezo unapokwama kwa kushtuka-shtuka hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. RX 6500 XT imo hatarini zaidi, maana ina GB 4 tu na njia 4 tu. Kabla ya kuchagua kadi ya aina hiyo, angalia kwanza ubao mama wako ni wa PCIe ya ngapi.

Modeli za lugha huonyesha hatua hii vizuri, kwa sababu kila tokeni (neno au kipande cha neno) inayotolewa hulazimu kadi isome modeli nzima. Modeli ya vigezo (namba zinazoiunda) bilioni 8, ikihifadhiwa kwa biti 4 kwa kigezo, ni GB 4. Gawa mtiririko kwa ukubwa: RTX 3060 ina dari ya tokeni 90 kwa sekunde, RTX 4060 ina 68. Ihifadhi kwa biti 8, inakuwa GB 8. RTX 4060 haina tena pa kuiweka, kwa sababu skrini na mazungumzo yenyewe vinahitaji nafasi. RTX 3060 inaibeba, ikiwa na dari ya tokeni 45. Kwa kazi hii ningemwambia mtu achukue kadi ya 2021 bila kusita.

Hatua ya 8: Namba nyingine, na zile za matangazo

ROP (vitengo vinavyoandika pikseli) × masafa hukupa pikseli kwa sekunde. TMU (vitengo vinavyosoma tekscha, yaani picha zinazovishwa maumbo ya 3D) × masafa hukupa tekscha kwa sekunde. Kadi zetu mbili zote zina ROP 48, hivyo ni bilioni 85 dhidi ya 118. Namba hizi mara chache ndizo zinazoamua siku hizi. Zihesabu tu ikiwa kadi moja ina ROP chache mno.

Namba za akili mnemba zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. RTX 4090 hutangazwa kuwa na TOPS (trilioni za hesabu kwa sekunde) 1,321, na RTX 5090 3,352. Inaonekana kama mara mbili na nusu. Ya kwanza imepimwa kwa namba za biti 8, ya pili kwa namba za biti 4, na zote mbili zinadhani nusu ya namba za modeli ni sifuri zinazorukwa. Zilinganishe zote kwa biti 8: 3,352 ÷ 2 = 1,676, ziada ya asilimia 27. Hiyo ni ziada ya kweli, lakini si ile iliyokuvutia mwanzoni. Ikiwa programu yako haitumii biti 4 wala kuruka sifuri, shuka zaidi.

Upande wa pili kuna watu wa sayansi wanaohitaji desimali za biti 64. Kwa GeForce za Ampere na Ada, kasi hiyo ni sehemu moja ya 64 ya TFLOPS za kawaida. RTX 4090 yenye TFLOPS 82.6 inabaki na 1.29. Radeon VII ya AMD ya 2019, yenye TFLOPS 13.8 tu, inatoa robo yake, yaani 3.46. Kadi iliyotangulia kwa zaidi ya miaka mitatu inaiacha mbali, kwa kazi hiyo moja.

Kisha kuna fremu za kubuniwa. Januari 2025 RTX 5070 ilitambulishwa kwa kauli kwamba ina kasi ya RTX 4090. Weka jedwali: TFLOPS 30.9 dhidi ya 82.6, GB 672 kwa sekunde dhidi ya 1,008, GB 12 dhidi ya 24. Kauli ile ilihesabu fremu ambazo hadi tatu kati ya kila nne hazichorwi na mchezo, hutengenezwa na kadi kwa kukisia. Zinalainisha mwendo kwenye skrini, na wapo wanaozipenda, lakini hazifanyi mchezo uitikie vidole vyako haraka zaidi. Wala hazikusaidii Blender. Linganisha kila mara fremu zilizochorwa kwa zilizochorwa.

Hatua ya 9: Umeme

Gawa GFLOPS kwa wati. RTX 3060 inatoa 75 kwa kila wati, RTX 4060 inatoa 131. Hapo kadi mpya imeshinda bila ubishi, na tofauti utaisikia kwenye feni na joto la chumba.

Kwa kompyuta mpakato hatua hii ndiyo ya kwanza. RTX 3060 ya kompyuta mpakato iliruhusiwa kuwekwa kati ya wati 60 na 115, kwa uamuzi wa mtengenezaji wa kompyuta. Mashine mbili zenye jina moja la kadi zinaweza kupishana sana, na ile nyembamba ndiyo mara nyingi yenye wati chache. Usinunue kabla hujaiona namba hiyo.

Hatua ya 10: Pima

Hesabu zote hizi ni utabiri, na utabiri hupimwa. Kwa kadi zetu, majaribio ya michezo kwa 1080p huiweka RTX 4060 mbele kwa kiasi kinachokaribia ile asilimia 19, maana kashe inafunika upungufu wa mtiririko.

Ukipima mwenyewe, anza na clpeak. Ni programu ndogo ya bure inayokuonyesha TFLOPS na mtiririko ambao kadi inaufikia kweli. Mtiririko ukiwa chini kidogo ya hesabu yako ni kawaida. Ukiwa nusu yake, kuna tatizo. Kwa 3D tumia kipimo cha Blender, kwa modeli za lugha tumia llama-bench, na kwa michezo tumia mchezo ule ule unaoucheza.

Acha kadi ifanye kazi dakika 15 kabla ya kuandika matokeo, kwa sababu kadi baridi hukimbia kuliko ilivyo. Rudia mara tatu. Andika wastani na pia ile asilimia moja ya fremu za polepole zaidi, maana kushtuka kunaonekana hapo. Tazama pia matumizi ya GPU, yaani chipu ya kadi: kama yako asilimia 70 na fremu hazipandi, kinachokubana ni prosesa, na kubadilisha kadi hakutakupa kitu.

Mwisho angalia PCIe kwenye GPU-Z. Kadi ikipumzika itaonyesha toleo 1.1, na watu wengi wameogopa kwa hilo. Ni kuokoa umeme tu. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo kando ya mstari huo, uipe kadi kazi kidogo, na usubiri namba ipande. Ikipanda hadi 4.0 lakini njia ni 4 badala ya 8, zima kompyuta, chomoa kadi, safisha meno yake, irudishe kwenye sloti iliyo karibu zaidi na prosesa, kisha usome tena.